Mnandi Halengi Mara Mbili

Kamongo, samaki avutaye hewa, ana moyo mvivu. Mtie kwenye gunia lililoloweshwa, mfunge vizuri, na atakaa humo usiku kucha akivuta pumzi kama mzee aliyeshiba, na moyo wake utagonga, utapumzika, utafikiri, kisha utagonga tena. Wavuvi wa kisiwa cha Namasi walilijua hilo tangu enzi za babu zao, ila hawakuliona lina faida yoyote mpaka serikali ilipowaletea majaketi okozi yenye masikio.

Ndivyo walivyoyaita, yenye masikio. Kila mvuvi na kila abiria wa ziwani alipewa lake, lenye namba na jina lake, na upande wa kifuani palishonewa kijiwe kidogo kinachosikiliza moyo. Jaketi likivaliwa na kiumbe hai huamka, huwasha taa nyekundu begani na kuita kituo cha uokoaji: niko hapa, moyo wangu unapiga hivi. Likivuliwa hulala. Wakubwa wakapiga makofi, wakapiga picha, wakaondoka wakidhani wamemaliza kazi. Hawakuwafikiria wezi wa nyavu.

Maana mwizi wa nyavu haogopi kiapo wala polisi, lakini taa nyekundu aliiogopa. Penye taa ile pana mtu, na penye mtu mnandi, chombo cha uokoaji cha kituo, anaweza kuibuka wakati wowote na macho yake yasiyosahau sura. Basi mvuvi mmoja, na kila mwalo wa kushushia samaki mpaka leo unadai alikuwa wa kwao, akamvalisha kamongo jaketi, akamfunga kwenye boya la nyavu zake, akaenda zake kulala. Asubuhi alikuta nyavu zote. Haukupita msimu, nusu ya Namasi walikuwa wakikoroma vitandani huku samaki wakiwalindia mali ziwani kwa majina yao mpaka alfajiri, wenyewe walipokwenda kuwavua majaketi.

Nyakwesi aliyajua hayo, na alikuwa mtumishi wa kituo cha uokoaji, na hakusema. Aliyajua siku alipomkuta mdogo wake Mafuru akipita uani na gunia bichi linalojinyonganyonga, katika nyumba ambayo wanawake hawali kamongo kwa mila, na mwanamume pekee wa humo alimchukia samaki huyo tangu utotoni.

"Huyo mgeni wa nani?" alimwuliza.

"Mlinzi wangu, dada," Mafuru alijibu akicheka. "Haombi mshahara, halalamiki, wala hasinzii."

Nyakwesi naye alicheka. Angeripoti, mdogo wake angefungiwa leseni, na wifi yake alikuwa mjamzito. Akalimeza. Lilimkaa kooni siku mbili tatu, kisha likashuka kama mambo mengi yanavyoshuka.

*

Asubuhi ya dhoruba ziwa lilitulia mpaka likatia shaka. Nyakwesi alikuwa juu ya mnara wa kituo pamoja na Manumbu, mkuu wa zamu, mtu mnene mpole ambaye maishani mwake hakuwahi kuamua jambo ambalo mwingine angeweza kumwamulia. Mbele yao ulikuwa ubao wa mwanga unaoonyesha ziwa zima. Kila nukta ilikuwa jaketi lililoamka, na kila nukta ilidunda kwa kasi ya moyo ulio chini yake.

Saa nne ndege wa majini walirudi nchi kavu kwa pamoja. Upande wa kaskazini wingu lilikuwa limeota shina jeusi, na harufu ya mvua ikafika kabla ya mvua yenyewe. Manumbu akapuliza honi ya mnara mara tatu. Nukta za karibu zikageuka, zikaanza kukimbilia mwaloni.

Redio ya upepo ikakoroma. "Kituo, hapa Bwire. Wingu nimeliona. Nirudi au nivuke?"

Bwire alikuwa nahodha wa mtumbwi wa abiria, mwenye sauti nzito na mdomo wa utani, na asubuhi hiyo alikuwa amebeba wanawake wa gulio wakienda bara.

"Usirudi, kaka," Nyakwesi alisema. "Uko katikati, ukigeuka sasa upepo utakukuta ubavuni. Endelea mbele, mpe wimbi kichwa cha mtumbwi. Punguza mwendo, lakini mashine usizime hata kidogo. Abiria wako wapi?"

"Wamekaa kwenye mbao."

"Waketi chini kabisa, sakafuni. Mizigo katikati. Asisimame mtu, hata akiona jini. Na wenye makopo waanze kutoa maji sasa hivi, wasingoje yajae."

"Mmesikia, kina mama? Bibi wa mnarani anasema hata jini lisiwasimamishe." Vicheko vya woga vilisikika. "Tumekaa, dada."

Nyakwesi alihesabu nukta. "Bwire, naona majaketi kumi. Mlipoondoka nilihesabu vichwa kumi na kimoja."

"Mama mmoja alikuja mbio bila jaketi lake wakati nang'oa nanga. Nimempa langu."

"Bwire!"

"Ningemwacha mwaloni? Binti yake kajifungua ng'ambo. Ukinipigia kelele nitashindwa kushika usukani."

Upepo ulifika. Haukuja kwa kupanda polepole, ulikuja wote kwa mara moja kama mlango uliopigwa teke. Vioo vya mnara viligonga, ziwa likawa jeupe. Kwa muda Nyakwesi alimsikia Bwire akihesabu mawimbi kwa sauti, kichwa, kichwa, kichwa, na wanawake wakiitikia. Kisha mawimbi mawili yalikuja kutoka pande mbili tofauti, na hakuna nahodha mwenye vichwa viwili vya mtumbwi. Redio ilikata. Kwenye ubao nukta kumi ziliruka, zikaanza kudunda kwa fujo. Walikuwa majini.

"Msiuache mtumbwi!" Nyakwesi alipiga kelele kwenye redio iliyokufa. "Shikeni mtumbwi hata ukipinduka! Msiogelee!"

Nukta zilibaki pamoja. Walikuwa wameushika. Lakini zote zilikuwa zikisukumwa upande mmoja, kuelekea Mawe ya Nyangoma, pale ambapo wimbi la dhoruba humponda mtu kama karanga kwenye kinu.

Kituo kilikuwa na minandi wawili. Waliitwa hivyo kwa kufanana na mnandi, ndege mweusi mwenye shingo ndefu azamaye na kuibuka: chombo kisicho na rubani, chenye mdomo wa njano na kamba za kushikia ubavuni, kisichojua wimbi ni nini. Wa kwanza alikuwa kusini, tayari anawavuta wavuvi wa dagaa. Wa pili aliteleza nje ya banda lake bila kuagizwa na mtu, kama alivyofundishwa.

Alikuwa amefundishwa mambo mawili. La kwanza, moyo dhaifu kuliko yote ndio wa kwanza. La pili, mnandi halengi mara mbili. Akishachagua moyo mmoja hageuki mpaka aufikie, kwa sababu zamani minandi waliokuwa wakibadilisha nia walizunguka katikati ya watu wawili mpaka wote wakazama.

Nyakwesi alimtazama akitoka, akimwombea heri. Mnandi aliinua mdomo, akageuka kaskazini, akawapa mgongo wale kumi.

Huko kaskazini kulikuwa na nukta moja tu. Iligonga. Ikapumzika. Ikafikiri. Ikagonga tena. Chini yake pameandikwa: Mafuru Masatu.

*

"Huyo anakata roho," Manumbu alisema, akivua kofia.

Nyakwesi alikuwa ameshika simu. Wifi yake, Nyanjura, alipokea kabla haijaita vizuri.

"Wifi, Mafuru yuko wapi?"

"Alikwenda kutoa nyavu tangu kumepambazuka. Wifi, huko juu mnaona nini? Bati la jiko limeng'oka hapa..."

"Amevaa jaketi?"

Nyanjura alirudi kwenye habari za bati.

"Nyanjura, nakuuliza!"

"Unaniuliza kwa simu ya serikali."

"Nakuuliza kwa jina la mtoto uliyembeba."

"Liko nyavuni," Nyanjura alisema, akaanza kulia. "Liko nyavuni na huyo samaki wake. Yeye ametoka na shati tu."

Nyakwesi aliweka simu chini. Alimweleza Manumbu kwa maneno machache, na Manumbu akasikiliza huku akitazama mlango.

"Basi sema neno," Manumbu alisema.

Neno lenyewe kila mtumishi wa kituo alilijua, ingawa hakuna aliyekuwa amelitumia. Mtumishi anataja namba ya jaketi, anatamka wazi kwamba si mtu, kisha anathibitisha kwa dole gumba. Jaketi hilo linazimwa pale pale, taa na mwito, na mnandi anahesabu kwamba hapakuwa na moyo, anaulenga mwingine. Lilitungwa kwa ajili ya majaketi yaliyoharibika. Kulitamka juu ya mtu aliye hai ni jela.

"Na kama nimekosea?" Nyakwesi aliuliza.

"Neno ni lako, dada. Mimi huyo kamongo sijamwona wala sijasikia habari zake." Manumbu alivaa kofia yake tena. "Nakwenda kwenye honi. Wale wa mwaloni wanahitaji sauti ya kuwaelekeza." Akatoka kwenye baraza la mnara, mvua ikamfunika.

Nyakwesi akabaki na ubao.

Alijua kilicho kwenye boya lile. Lakini alijua jambo la pili pia, na hilo ndilo lililomkaba. Mafuru alitoka kwenda kutoa nyavu zile zile. Kama mtumbwi wake umepinduka, umepindukia pale pale. Mnandi anayemkimbilia kamongo alikuwa akimkimbilia Mafuru pia, kwa bahati, kwa uongo wa samaki, na alichotakiwa Nyakwesi ni kukaa kimya tu. Hakuna ambaye angemlaumu. Sheria inasema moyo dhaifu kwanza, na moyo dhaifu ulikuwa ule. Angemrudishia Nyanjura mumewe, na msibani kwa kina Bwire angekwenda na kanga yake, angelia pamoja na wenzake, na kilio chake kingekuwa cha kweli.

Akaona aibu kwa jinsi wazo hilo lilivyokuwa tamu.

Nukta kumi zilikuwa zimekaribia Mawe ya Nyangoma. Moja ilianza kudunda ovyo. Na Bwire, asiye na nukta, alikuwa popote pale.

"Mungu wangu, nisamehe," alisema. Kisha akataja namba ya jaketi la mdogo wake, akatamka: "Si mtu."

"Thibitisha kwa dole gumba," ubao ulimjibu, kwa ile sauti ya kike yenye adabu inayoweza kukutangazia kiama bila kupandisha pumzi.

Aliinua kidole. Na hapo nukta ya kaskazini ikabadilika.

Iligonga, ikapumzika, kisha ikazimika kabisa. Ikakaa hivyo kwa pumzi tatu. Kisha ikawaka tena, na moyo uliokuwa ndani yake haukuwa mvivu. Ulikuwa ukienda mbio, kwa nguvu, kama moyo wa mtu aliyeogelea mpaka nguvu zikamwishia na sasa amefika. Nyakwesi aliona yote kana kwamba yuko pale: mikono ikilishika boya, ikifungua zipu, ikimtoa kamongo na gunia lake, ikiingia kwenye mikono ya jaketi, ikivuta zipu hadi kidevuni.

"Mafuru," alisema.

Mnandi alikuwa karibu naye, amebakiza kipande kidogo cha njia. Hakujali kama moyo umepata nguvu. Alishalenga.

"Thibitisha kwa dole gumba," ubao ulirudia.

Mtu mwenye jaketi anaelea. Alijiambia hivyo. Mafuru ana jaketi, ana boya, yuko mbali na mawe, anajua maji. Jaketi likizimwa linaacha kuita, haliachi kuelea. Wale kumi wana majaketi pia, ila jaketi halimlindi mtu na jiwe. Alijiambia yote hayo, na yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililobadilisha jina lililokuwa chini ya kidole chake.

Akabonyeza.

Nukta ya kaskazini ikazimika. Huko mbali, ndani ya mvua, mnandi aligeuza mdomo wake wa njano.

*

Dhoruba ilipita kama ilivyokuja, bila kuaga. Mnandi wa pili aliingia mwaloni akiwa na watu kumi wananing'inia kwenye kamba zake, wamelowa, wamechubuka, wawili wamevunjika mbavu. Yule mama mwenye binti aliyejifungua alikuwa amevaa jaketi la Bwire, na hakukubali kulivua hata alipofika nchi kavu.

Bwire hakuwemo. Wanawake walisimulia kwamba alikuwa ameshika kichwa cha mtumbwi, anawaita kwa majina mmoja mmoja ili asiwepo anayesinzia akaachia, akiwatania wale waliochelewa kuitika. Walipomwona mnandi akija wote walipiga vigelegele, na walipomaliza vigelegele hakukuwa na anayewaita. Nyakwesi alifikiria simu aliyopiga, maswali aliyouliza, na muda wote kidole chake kilivyokaa hewani.

Alikuwa ameshawatuma wavuvi wawili kwa mtumbwi, wakafuate nyavu za Mafuru kwa kukisia, maana kwenye ubao hakukuwa na kitu cha kuwaonyesha. Walimpata alasiri. Alikuwa amejifunga kwenye boya kwa kamba ya nyavu, bega limetoka mahali pake, viganja vimekatwakatwa na nyuzi, lakini anapumua.

Kuhusu jaketi lililozimwa, Manumbu aliandika kwenye taarifa: kamongo. Kisha akampigapiga Nyakwesi begani. "Neno moja, watu kumi. Wakubwa watakuita makao makuu."

"Bwire hayumo kwenye hao kumi."

"Bwire hakuwa na jaketi," Manumbu alisema kwa upole, kana kwamba hilo lilikuwa jibu.

*

Kesho yake Nyakwesi alikwenda nyumbani kwa mdogo wake akiwa na kifaa kidogo cha ofisi mkobani. Jaketi lililotamkiwa neno haliamki tena mpaka yule yule aliyelitamkia alifungue kwa sauti yake, mbele ya mwenye jaketi.

Mafuru alikuwa amelala kwenye mkeka, mkono umefungwa kifuani. Nyanjura alikuwa akimnywesha uji.

"Karibu, wifi," Nyanjura alisema. "Mwambie nduguyo anywe. Tangu jana ananisimulia habari za mashine."

"Nilimwona, dada," Mafuru alisema. Sauti yake ilikuwa imekwaruzika kwa kupiga kelele. "Mnandi. Alikuwa karibu mpaka nikaona ule mdomo wa njano. Nikamnyooshea mkono. Nikasema, Mafuru, umepona. Halafu akageuka. Taa yangu begani nayo ikazima. Nikadhani nimekufa tayari, ndiyo maana hanioni."

Nyanjura alisonya. "Mashine za kijinga."

Nyakwesi aliketi. Alikuwa amelipanga hili njiani, na sasa halikupangika. "Siyo mashine. Ni mimi niliyemgeuza. Nilitamka kwamba jaketi lako si mtu."

Kijiko kilisimama hewani. Mafuru alimtazama dada yake, akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayemfungulia mwenzake mlango.

"Ulidhani ni kamongo," alisema. "Kosa langu. Nani alinituma kumvalisha samaki? Ulidhani ni kamongo, dada."

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nyakwesi angepita, angelia kidogo, wangekula chakula cha mchana pamoja.

"Nilipotamka, ndiyo," alisema. "Nilipobonyeza, hapana. Niliuona moyo wako ukiingia kwenye jaketi. Nilijua ni wewe. Nikabonyeza."

Nyanjura aliweka bakuli chini, akainuka, akatoka uani. Walimsikia akipanga kuni ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Ungenyamaza," Mafuru alisema hatimaye. Hakuwa na hasira, na hilo lilimwumiza Nyakwesi kuliko hasira. "Ungeniachia kamongo wangu. Angelibeba kosa hilo, wala asingelalamika."

"Najua."

"Bwire ndiye aliyenifundisha kushika usukani."

"Najua, mdogo wangu."

Mafuru alifumba macho. Nyakwesi alidhani amelala, au amemfukuza kwa njia hiyo. Kisha akanyoosha mkono wake wa pili, uliofungwa vitambaa kiganjani, akalivuta jaketi lililokuwa limekunjwa kando ya mkeka, akalisukuma mpaka kwenye magoti ya dada yake.

"Leta kifaa chako. Lifungue."

Nyakwesi alikitoa. Kifaa kiliomba namba, akaitaja. Kikaomba neno.

"Mafuru Masatu," alisema, "ni mtu."

"Sema kwa nguvu," Mafuru alisema, macho bado yamefumbwa. "Kule nilikokuwa palikuwa na upepo."

Nyakwesi akasema tena. Nje, kuni ziliacha kugongana. Akasema tena, na tena, kwa sauti iliyofika mpaka kwa majirani, na Mafuru hakumwambia kwamba imetosha.